Usiondoe Mlio

Mteja akija gereji kwangu akaniambia, "Fundi, gari lina kelele," namrudisha nyumbani akajipange upya. Kelele ipi? Gari lisilo na kelele limekufa. Niambie linagonga, linakwaruza, linapiga mluzi au linakoroma. Niambie ni asubuhi likiwa baridi au mchana likishapata moto. Ni ukikanyaga mafuta au ukiachia? Watu wananiita mkali na wala sikatai, lakini hata daktari ukimwambia "naumwa" halafu ukanyamaza, atakukodolea macho tu.

Dada yake Mrefu hakuja hivyo. Alisimama mlangoni mchana wa jua kali, mkoba kaubana kwapani, gari la kaka yake liko barabarani nyuma yake, akasema, "Shikamoo kaka. Gari linataka kufa. Taa nyekundu ya oili inawaka kila nikisimama. Nataka ulitibu, lakini usiondoe mlio."

"Marahaba. Nisiondoe nini?"

"Mlio. Ule wa ko-ko-ko. Uache kama ulivyo."

Nikaweka spana chini. Nikamuuliza kama kaja kunitania, maana siku ile tangu asubuhi nilikuwa nahangaika na boliti iliyokatikia ndani, na sikuwa na hali ya utani na mtu.

"Nikutanie na nini, kaka?" akasema. "Hebu nisikilize kwanza, kisha ufoke."

Nikampa kiti. Mwingine ningemtimua, ila yule ni kama mdogo wangu. Mrefu alikuwa rafiki yangu tangu tunavaa kaptula zilizotoboka makalioni, na dada yake alikuwa anatufuata nyuma akilia tumsubiri. Mrefu alikuja kuwa fundi bomba. Mtu mrefu vile, kazi yake ikawa kujikunja chini ya masinki ya watu. Nilikuwa nikimcheka kwamba Mungu alimpa urefu akaenda kuuficha chini ya karo. Alianguka akiwa kazini, ndani ya bafu la mteja, na hakuamka tena. Tulimzika mvua inanyesha. Nilishika jembe kama wenzangu, nikarudi gereji, nikaendelea na kazi. Kwao sikukanyaga tena. Nilikuwa nawaambia watu kazi zimenibana. Uongo mtupu. Sikuweza kuiona ile nyumba bila yeye ndani yake.

Na ule mlio niliujua vizuri sana. Nilimpigia kelele Mrefu juu ya ule mlio mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia, sikiliza wewe, kuna kelele za juu na kelele za chini. Ya juu, ya valvu, inalia tik-tik-tik kama cherehani. Inaudhi lakini haiui. Hii yako ni ya chini. Kuna mkono wa chuma unaounganisha pistoni na shafti, na pale mkono unapoishika shafti pana beringi, vipande viwili vilivyopinda kama kucha. Vikilika, nafasi inakuwa kubwa, chuma kinagonga chuma. Siku moja huo mkono utakatika utoboe injini ubavuni, na wewe uko barabarani nyuma ya lori.

"Kesho nakuletea," alikuwa anasema.

"Jana ulisema kesho."

"Sasa nikikuachia gari, mabomba niyabebe kichwani? Tena usilinyamazishe sana, bwana. Mama ananisikia tangu kona ya barabara, anaanza kupakua. Nikiingia kimya kimya nitakula kiporo."

Basi ndivyo alivyokuwa. Hasira zangu zote alizigeuza kicheko, na gari halikuletwa.

Dada yake alikaa kwenye kile kiti akaniambia habari za Mama. Nilijua kwamba kumbukumbu za Mama zilikuwa zinapotea. Sikujua zimefika wapi. Siku ya msiba aliambiwa mwanawe amefariki, akalia mpaka wakamwagia maji. Asubuhi yake akauliza, "Kaka yako hajaamka?" Akaambiwa tena. Akalia upya, kilio kile kile, na kuzirai kule kule. Kesho yake akauliza tena.

"Mara ya tatu nilishindwa, kaka," akasema. "Nikamfunika shuka. Nikamwambia yuko kazini. Ila jioni hakuli. Anasema hali mpaka mwanawe afike. Tunamlazimisha, anatema. Alikwisha, alibaki mifupa. Siku moja jirani akaniomba nisogeze gari la kaka, limemzibia njia. Nikaliwasha, nikaliingiza uani. Nasikia Mama dirishani: 'Kafika. Haya, nipeni chakula.' Akala sahani nzima! Mimi bado nimeshika usukani."

Tangu hapo kila siku alikuwa analitoa gari mchana Mama akisinzia, analiegesha nje ya ukuta wa shule, kisha jioni analiingiza saa ile ile aliyokuwa anarudi Mrefu. Mama akiuliza mbona haji kumsalimia, anaambiwa yuko bafuni. Hilo halikumshangaza, kwa sababu Mrefu alikuwa anarudi na matope ya mabomba ya watu, anaoga kwanza, na akitoka Mama mara nyingi alishapitiwa na usingizi.

"Mlio ukiondoka, Mama hatakula," akasema. "Na gari likifa, Mama hatakula. Sasa wewe ndiye fundi. Nifanyeje?"

Jamani. Nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, lakini hilo sikuwahi kuulizwa. Nilimwambia aache funguo.

Nilipoingia ndani ya gari sikufikia pedali. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, na mgongoni pamewekwa mto wa kochi. Dada yake hakutaka kukisogeza. Alikuwa anaendesha kaketi kwenye ncha kama kuku, mto nyuma yake, kuliko kukigusa kiti alivyokiacha kaka yake. Nami sikukigusa. Niliegemea ule ule mto.

Nikaliwasha. Likiwa baridi lilinung'unika tu. Nikaliacha lipate moto, nikakanyaga mafuta kidogo kidogo, ndipo likaanza: ko, ko, ko, ko. Nilichukua bisibisi yangu ndefu, ncha nikaiweka kwenye ubavu wa injini, mpini nikaubana sikioni. Ndivyo nifanyavyo siku zote. Unasogeza taratibu, juu, katikati, chini, mpaka kelele ikupige ndani ya kichwa. Ikanipiga chini, upande wa pistoni ya tatu. Kuhakikisha, nikachomoa waya wa plagi ya tatu, pistoni ile isisukumwe na moto. Mlio ukapungua, ukawa kama mtu anayegonga kwa kidole. Nikaurudisha, ukarudi. Nikamwaga oili kwenye beseni, nikaipeleka juani. Ilikuwa inameta vumbi la chuma. Injini ilikuwa inajitafuna yenyewe.

Nilifanya kile ambacho fundi yeyote mwenye akili zake angefanya. Nilifungua sufuria ya oili iliyo chini ya injini, nikaitoa beringi ya tatu. Ilikuwa imelika mpaka shaba yake inaonekana. Shafti yenyewe ilikuwa bado nzima, bahati ya mtende. Nikaweka beringi mpya, oili mpya na chujio jipya. Nikawasha. Taa nyekundu ikazimika, injini ikatulia, kimya. Mrefu angekuwepo angesema nimemnyima chakula cha moto.

Halafu nikafanya ujanja. Nilifungua kifuniko cha juu, nikazilegeza valvu kwa makusudi, zaidi ya kipimo. Mimi, ninayewatukana mafundi wa kando ya barabara kwa kuacha valvu zinapiga makofi! Gari likawa na kelele zake: tik-tik-tik-tik, unaisikia tangu kona. Kelele ya kuudhi isiyoua. Nilijiona nimepatia, tena nilijipongeza mwenyewe kwa sauti.

Dada yake alipokuja, nilimkabidhi funguo na kimfuko chenye beringi ya zamani. Hiyo ni desturi yangu. Kila kifaa nilichokitoa namrudishia mwenye gari akione kwa macho yake, asije akapita mitaani akisema nimembadilishia kizima. Akakipokea bila kukiangalia. Alikuwa anasikiliza injini, kainamisha kichwa.

"Ndio wenyewe?" akauliza.

"Ni kelele, na ni kubwa. Mama ni mtu mzima, atajua tofauti?"

Akafungua mlango. Akapanda kwenye mto wake akaondoka.

Siku chache zikapita, sikusikia neno, nikadhani mambo shwari. Kisha akarudi, safari hii kwa miguu. Uso ulikuwa umemsawajika.

"Hajala," akasema. "Jioni ile ile niliyotoka hapa, nimeingia uani, nasikia anasema, 'Kuna mgeni. Mkaribisheni.' Namwambia ni kaka amerudi. Ananiambia, 'Huyo siye. Mwanangu bado yuko njiani.' Tangu hapo ni hivyo hivyo. Anakaa dirishani kusubiri. Jana hata maji amekataa."

Nikapandisha hasira. Sijui kwa nini watu wakinitia uchungu mimi nafoka. "Basi mwambie ukweli! Mnamdanganya mzee wa watu mpaka lini? Mwambie mwanao kafa, tumemzika, mvua ilinyesha, basi!"

"Mwambie wewe," akasema polepole. "Mimi nimemwambia mara mbili. Kila nikimwambia, kaka anakufa upya. Wewe hujamwambia hata mara moja. Twende sasa hivi, ukamwambie."

 Niligeuka nikajifanya natafuta spana.

Nilipogeuka tena, alikuwa ameweka kile kimfuko juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya boliti na matambara. Ile desturi yangu ya kurudisha vifaa ndiyo iliyonirudi.

"Irudishe," akasema.

"Unajua unachoniambia wewe? Hiyo imekufa. Nikiirudisha, injini haitamaliza miezi."

"Na Mama?"

"Injini ikipasuka hainunuliki nyingine. Gari zima litakuwa chuma chakavu."

"Kaka," akasema, "nimekuuliza, na Mama?"

Nilimwambia aende nyumbani, nitalileta mwenyewe jioni.

Akanipa funguo, akaniambia gari liko nje ya ukuta wa shule. Nikalifuata, nikaliingiza, nikaliinua kwa jeki, nikalitegemeza kwa vigogo, nikalala chini yake. Naomba unielewe. Kazi yangu yote ni kutoa kibovu kuweka kizima. Sijawahi kutoa beringi mpya, inayong'aa, isiyo na mkwaruzo, nikaweka iliyooza mahali pake. Ni kama kumng'oa mtu jino zima ukampachika lililotoboka. Mikono ilikuwa inakataa. Boliti ile ile niliyoifunga juzi nikaifungua, nikaifuta ile beringi kwa kitambaa, nikaipaka oili, nikairudisha kwenye mkono wake wa tatu. Kisha nikazibana valvu za juu kwa kipimo, angalau huko niwe nimefanya haki. Nikikuambia kwamba oili iliniingia machoni, utaniamini? Basi usiniamini. Nililia chini ya lile gari kwa sauti, peke yangu, mtu mzima na ndevu zangu. Nilimlilia Mrefu kilio ambacho sikulia makaburini. Nilimtukana pia. Nilimwambia, mpumbavu wewe, ungeniletea siku ile niliyokuambia, leo nisingekuwa hapa chini narudisha kibovu.

Jioni nikalitoa. Nilikwenda mwendo wa mtu aliyebeba mayai, mafuta kidogo, gia ya chini, nikisikiliza kila pigo. Kwenye kona ya kwao injini ilikuwa imeshapata moto vizuri. Ko, ko, ko, ko. Niliuona ukuta wao, lango lao la bati la buluu lenye kutu chini, na kamba ya nguo. Dada yake alikuwa amelishika lango wazi. Nikaingia, nikazima.

 Kisha sauti ya Mama kutoka dirishani, nyembamba lakini imechangamka: "Kafika! Haya, si niliwaambia? Nipeni chakula."

Dada yake Mrefu akaweka kiganja mdomoni. Akanionyesha kwa mkono niondoke taratibu, nipite nyuma. Nikafungua mlango, mguu mmoja chini.

"Mwanangu!" Mama akaita. "Leo usiende bafuni kwanza. Njoo hapa na matope yako hivyo hivyo, si hoja. Njoo nikuone."

Tukaangaliana na dada yake. Alitingisha kichwa kunikataza. Lakini sauti ile ikaita tena, na mimi miguu ilishaanza kwenda.

Chumba kilikuwa kile kile. Kitanda cha chuma, glasi ya maji imefunikwa kisahani, redio ndogo imefungwa kwa mpira, fimbo imeegemezwa ukutani. Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha, shuka mabegani, amekuwa mdogo hata nikashtuka. Macho yake yalikuwa na ukungu, mtoto wa jicho pande zote mbili. Akanyoosha mkono hewani, nami nikapiga magoti nikaushika, kwa sababu nikisimama angejua urefu si ule.

"Shikamoo, Mama," nikasema kwa sauti ya chini.

"Marahaba, baba." Akaupapasa mkono wangu, akauleta puani. "Mbona leo unanuka oili? Umejitia kulitengeneza mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Wewe na injini wapi na wapi? Wewe ni mtu wa mabomba." Akacheka kidogo, cheko lile lile la Mrefu, likanichoma. "Nimekwambia mara ngapi ulipeleke kwa yule rafiki yako? Yule mwenye hasira. Anafoka lakini kazi anaijua. Lipeleke, mwanangu."

Dada yake alikuwa ameingia na sahani. Alisimama mlangoni, hakusogea.

"Hujui unavyonitesa," Mama akaendelea, na sasa hakuwa anacheka. "Nakaa hapa dirishani nasikiliza. Nalisikia tangu kona, linagonga, linagonga, nasema ee Mungu, leo halifiki. Leo litamkatikia barabarani. Tumbo linakaza, hata mate hayapiti. Mpaka uingie langoni, uzime, ndipo roho yangu inatua, ndipo naweza kula. Kila siku, baba. Kila siku unaniua kidogo."

Sisi wote tulidhani anaupenda ule mlio. Mrefu alidhani, dada yake alidhani, na mimi fundi ninayejisifia masikio nilidhani. Mama alikuwa anauogopa. Na ningeweza kuunyamazisha kwa mchana mmoja. Beringi mpya ilikuwa mfukoni mwangu, nilihisi inanichoma paja. Nikiunyamazisha, mwanawe hatafika tena.

"Utalipeleka?" akauliza. Alikuwa ameubana mkono wangu kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Nitalipeleka, Mama."

"Lini?"

 Dada yake alikuwa ananitazama, machozi yanamtoka, sahani mkononi.

"Kesho," nikasema.

"Kesho, kesho. Kila siku kesho." Akaniachia mkono, akageuka kwa binti yake. "Haya lete chakula. Huyu haambiliki."

Akala, taratibu, mpaka sahani ikaisha, nami nimepiga magoti pale pale. Kesho yake jioni nikaliingiza tena uani, mwendo wa pole, linagonga. Akaniuliza kama nimelipeleka kwa rafiki yangu. Nikamwambia kesho.